Feni Inapiga

Siku tulipomzika Zablon Ochola huko Homa Bay, watoto wake waliweka feni kubwa ya kusimama karibu na jeneza, chini ya hema, maana joto la mwezi ule lilikuwa la kukausha mate mdomoni. Feni ile ilikuwa inageuza shingo polepole, inawatazama waombolezaji mmoja mmoja kama mtu anayemtafuta aliyemwibia. Kila ilipofika kwangu nilifunga jicho. Nilihamisha kiti mara mbili, mpaka mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akaniuliza kwa upole kama ninamkimbia marehemu. Marehemu sikuwa namkimbia. Nilikuwa nimepanda gari kutoka Migori asubuhi na mapema ili nione kwa jicho langu, hili moja lililobaki zima, kwamba amefukiwa kweli.

Kuna majina matatu nimeyabeba miaka yote hii, na watu wa kanisa wamenishauri mara nyingi niyatue. La kwanza ni Zablon Ochola, mwenye lori. La pili ni Jeremia Okeyo, fundi wa stima, tuliyemwita Jeri. La tatu sijawahi kulitaja mbele ya mtu. Habari za wazazi wangu na mahali nilipozaliwa hazina kazi hapa. Inatosha kusema shule niliiachia darasa la tano, na nilipofika miaka ishirini na mitatu nilikuwa dereva wa lori la samaki, na niliona kwamba dunia imenipa chote ilichokuwa nacho.

Mwaka ule nililala chumba cha mabati nyuma ya gereji, Migori, pamoja na Fundi Maroa. Maroa alikuwa Mkuria wa upande wa Isebania, mtu mzima kuliko mimi kwa miaka kama thelathini, mfupi, mwenye vidole vinene kama betri za tochi. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya kamba na dirisha moja lisilo na kioo, na ukutani zilining'inia gasketi kuukuu ambazo Maroa alikataa kuzitupa, zimepangwa kwenye misumari kama picha za jamaa. Mchana, gereji ikitulia, nililala chali nikitazama matundu ya misumari kwenye paa. Kila tundu lilikuwa na mshale wake wa jua, na mishale ile ilitembea kitandani mwangu taratibu, ikipanda gotini, ikipanda tumboni, ikanifika usoni saa ya chakula. Hadi leo nikiota, huota chumba kile. Huota harufu ya grisi na viazi vitamu, na nje namsikia Maroa akiongea na injini kwa Kikuria, lugha ambayo sikuijua, kwa sauti ya mtu anayembembeleza ng'ombe asimame akamuliwe.

Sisi wawili tuliongea Kiswahili. Yeye hakujua Dholuo, mimi sikujua Kikuria, basi tulikutana katikati, kwenye Kiswahili cha kuokota barabarani, na kile tulichoazima kilitutosha. Katika Kiswahili kile neno moja lilifanya kazi ya maneno kumi. Injini ikiwaka, inapiga. Honi inapiga. Breki, unapiga. Rangi, unapiga. Lori likiwa zima kabisa bila kasoro, tulisema linapiga. Sikuwaza hata siku moja kwamba neno linaweza kuchoka.

Lori lenyewe lilikuwa la zamani, lenye pua ndefu ya boneti, na mshale wa kupima joto ulikuwa umekufa kabla sijazaliwa kwenye usukani. Hatukuuhitaji. Feni yake ilikuwa chuma cha majani sita kilichofungwa kwenye injini yenyewe na kuzungushwa na mkanda, na injini ikizunguka nayo inazunguka, haiulizi mtu. Ilinguruma. Ukiwa ndani ya kebini uliisikia kama mvua kubwa inayokuja kutoka ziwani na haifiki. Nimeendesha lori lile kutoka Karungu hadi Migori nikiwa nusu usingizini, mchana wa jua kali, barafu ikidondoka nyuma yangu, na ule mngurumo ndio ulioniambia kila kitu: ukipanda sauti nilijua mlima umenishika, ukishuka nilijua tumepona. Na ilivuta upepo, feni ile. Mama Akoth, aliyetupikia pale gerejini, hakuweza kupita mbele ya lori linalonguruma bila leso yake ya kiunoni kuvutwa na kunata kwenye wavu wa rejeta, lile tangi la kupoza maji ya injini. Alisimama pale na sahani zake za samaki wa ngege, mikono imejaa, akivuta kiuno kama mtu aliyeshikwa na mkwe mkorofi. Madereva wakamwambia hii gari inakutaka, Mama. Naye akajibu kwamba angalau hii ina kazi.

Taabu yetu ilikuwa mto. Kabla ya kufika Karungu kulikuwa na kijito kisicho na daraja, na msimu wa mvua maji yalifika kwenye bampa. Feni ya mkanda ikiingia majini inazunguka kama kasia la mwendawazimu: inajipinda, inakula rejeta. Mwezi wa nne ilikula rejeta kweli. Tangu hapo, kila tulipofika ukingoni, nilisimama, nikaingia majini hadi kiunoni, nikafungua boneti, nikalegeza bolti kwa spana na kutoa mkanda, nikavuka bila feni, kisha ng'ambo nikaurudisha. Mara mbili kwenda na kurudi, siku tatu kwa wiki. Kucha zangu ziligeuka nyeupe. Ruba walinijua kwa jina. Maroa alisema hiyo ndiyo njia, na akatushonea turubai la kufunga mbele ya rejeta ili maji yasiingie kwa nguvu. Yeye hakuwa anaingia majini.

Kwa hiyo, na hili naliandika kwa mara ya kwanza, mimi ndiye niliyelalamika kwa Ochola. Nilimwambia tunaliua lori, na mto unaniua mimi. Ochola alikuwa mtu wa kupenda vitu vipya, mwenye tumbo la heshima na kofia ya rangi ya majani makavu, na wiki ile ile akaja na habari za feni ya stima. Alisema magari yote ya kisasa yanazo. Unabonyeza kidude, inazima, unavuka mto umekaa kitini kama bwana harusi, ng'ambo unabonyeza tena. Na injini haipotezi nguvu kuzungusha chuma bure, kwa hiyo dizeli inapungua. Maroa alimsikiliza akipangusa mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono.

"Mzee," akasema, "hii feni ya mkanda ikikufa, utasikia. Ile ya stima ikikufa, nani atakwambia?"

Ochola akacheka. Halafu akafanya jambo ambalo nimelikumbuka kuliko yote aliyofanya. Akanigeukia mimi, akanishika bega. "Opiyo, wewe ndiye unaendesha. Unataka gani?"

Hakuna mtu mkubwa aliyewahi kuniuliza nataka gani. Nilimtazama Maroa. Nilijua alichotaka niseme, na nilijua pia maji ya kijito yalivyo saa moja asubuhi. Nikasema stima.

Jeri Okeyo alikuja kutoka Homa Bay na gunia. Ndani ya gunia mlikuwa na feni mbili zilizotolewa kwenye gari dogo lililokufa, za plastiki nyeusi, nyepesi kama mabakuli matupu. Alikuwa kijana kama mimi, mcheshi, shati limechomekewa, bisibisi mfukoni badala ya kalamu. Alikaa nasi siku tatu. Alitoa ile feni ya chuma, akaiegemeza ukutani kwenye chumba chetu, na Maroa akairushia shuka kama maiti. Mbili zile akazifunga nyuma ya rejeta, akavuta waya hadi kwenye swichi karibu na usukani. Wale wenye ujuzi hufunga kidude cha kupima joto ili feni ijiwashe yenyewe, lakini kidude hakikuwepo, basi Jeri akafunga moja kwa moja: swichi ni mkono wa dereva. Maroa hakugusa hata skrubu moja. Alisema stima haijui, na alikaa siku zote tatu akitupa mgongo. Hiyo nayo ni dhambi, Mungu amrehemu. Angenyoosha mkono tu.

Siku ya pili mchana nilikuwa kitandani, mshale wa jua umefika kifuani, nikawasikia Ochola na Jeri wakiongea upande wa pili wa mabati. Jeri alisema nyaya za feni zile zote zilikuwa nyeusi, hazina rangi ya kumwongoza, na angependa tulizungushe lori likiwa na mzigo, hata hadi Awendo na kurudi, kabla halijaenda ziwani. Ochola akamwambia samaki hawangoji majaribio. Jeri akakubali, akimwita mzee kwa Dholuo: "Sawa, Jaduong'." Nilisikia maneno hayo waziwazi kama ninavyosikia kalamu hii. Sikuinuka. Usingizi ulikuwa mtamu, na shati langu jipya la kuvukia mto bila kulowa nilikuwa nimeshalifua.

Siku ya tatu tulijaribu pale uani. Jeri alikaa kwenye kiti changu ndani ya kebini, injini ikinguruma, na mimi aliniweka mbele ya lori, uso kwa uso na wavu. Akabonyeza. Kwa mara ya kwanza lori lile lilikuwa na injini bila ile mvua yake. Kulikuwa na mvumo mwembamba tu, kama nyuki walio mbali. Na upepo ukanijia. Siwezi kueleza vile ulivyokuwa mzuri. Ulikuwa mchana wa kuyeyusha lami, nami nimesimama kwenye upepo wa vuguvugu unaokausha jasho, shati limejaa kama tanga, nimefunga macho yote mawili.

"Opiyo!" Jeri akapaza sauti. "Feni inapiga?"

"Inapiga!"

"Inapiga vizuri?"

"Inapiga sana."

Ndipo Mama Akoth akapita na sahani zetu. Leso yake, ambayo mwaka mzima ilivutwa na lori lile, safari hii ilipeperushwa kinyume, ikamfunika mikono na sahani, ikabidi azunguke. Akaitazama boneti kwa macho ya mwanamke aliyeachwa. "Leo gari yenu imenikataa," akasema. Tulicheka wote. Jeri alicheka hadi akaegemea honi. Maroa alikuwa amekaa juu ya tairi akimenya kiazi kitamu, mgongo kwetu. Hakugeuka.

Kesho yake Ochola aliamuru Maroa asafiri nami, kwa tahadhari tu. Tulifika kijitoni saa mbili. Nikabonyeza, mvumo ukafa, tukaingia majini. Maji yalipanda, yakapiga milango, yakashuka, tukatoka ng'ambo tunachuruzika maji kama kiboko, nami nikabonyeza tena bila hata kuvua viatu. Niliimba. Maroa alitazama miguu yangu kwa muda mrefu, na mwishowe akatabasamu. "Haya, dere," akasema. "Leo umekauka." Kilomita chache zile hadi ufukweni ndizo za mwisho nilizokuwa na furaha isiyo na doa. Ziwa lilikuwa limelala, halina rangi, na kisiwa cha Mfangano kilielea kwa mbali juu ya ukungu kana kwamba hakijashikwa na kitu. Tulipakia mbuta na barafu. Tulikula samaki wa kuchoma na ugali wa mtama tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha lori, na Maroa akaniambia kwamba pengine mzee kama yeye anapaswa kujifunza stima kabla hajafa. Alisema hivyo, kwa mdomo wake, akitoa mwiba kwenye meno.

Barabara kutoka ziwani haina mlima wa kutisha. Inapanda tu, pole pole, bila mwisho, kama deni la kifamilia. Tulikuwa na mzigo kamili na jua la saa sita. Nilikuwa nasikiliza mvua yangu ya zamani, nao ule mvumo wa nyuki hauniambii kitu, haupandi wala haushuki, na nikawa nasinzia kwa utulivu wake. Harufu ndiyo iliyoniamsha, harufu tamu ya rangi inayoungua. Mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti. Nikasimamisha, nikazima. Maroa alishuka, akafungua boneti, lakini kifuniko cha rejeta hakukigusa. Nasema tena, kwa sababu uongo mwingi ulisemwa: hakukigusa. Alijua kungoja, ndiyo kanuni aliyonifundisha, ngoja hadi uweze kulaza kiganja pale na kuhesabu mia. Alichofanya ni kuinama akatazama feni zile kwa mara ya kwanza. "Washa hiyo kitu yako nione," akasema. Nikawasha, nikashuka, nikaja kusimama nyuma ya bega lake. Alitoa karatasi mfukoni, kipande cha gazeti alichofungia tumbaku, akaisogeza kwenye wavu kama alivyofanya na kila feni maishani mwake. Ilipaswa inate. Iliruka. Ilitujia usoni ikapita katikati yetu, ikaenda zake juu ya majani.

"Dere," akasema taratibu, bila hasira, "hii inapiga. Inatakiwa ivute."

Nyaya zilikuwa zimebadilishana. Feni zilikuwa zinachukua joto la injini na kulirudisha kwenye rejeta, na kule mbele upepo wa barabara ulikuwa unaingia, na pepo mbili zilikutana ndani ya rejeta zikasimama. Hayo yote niliyaelewa baadaye. Pale sikuelewa kitu, kwa sababu aliposema neno la mwisho alikuwa anageuka kunitazama, na paipu ya juu ya rejeta ikapasuka. Maji yote yalimpata yeye. Mimi nilipata yale yaliyopita juu ya bega lake.

Kwenye wodi ya Homa Bay kulikuwa na feni ya darini. Nilikuwa nimefungwa bendeji kichwa kizima, sikuona, lakini niliisikia ikizunguka mchana kutwa, na mawazo yangu yalizunguka nayo, nikawa sijui kama nimo kwenye kebini au kwenye chumba chetu cha mabati, kama Maroa anaongea na injini au anaongea na Mungu. Kitanda chake kilikuwa mkono wangu wa kulia. Aliongea Kikuria tu siku zile. Siku ya tisa kitanda kile kilinyamaza. Watu wake walipokuja kutoka Isebania, Ochola alisimama katikati ya vitanda, nikamsikia akiwaambia kwa huzuni nzuri kabisa kwamba mzee alifungua kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, haraka ya kazi, ajali ni ajali. Mtu wa miaka thelathini kwenye injini. Walimchukua na aibu hiyo juu ya jeneza. Mdomo wangu ulikuwa chini ya bendeji, lakini nilikuwa na mkono, ningeweza kugonga kitanda. Sikugonga. Nilipopona kiasi cha kusema, nilienda Isebania nikawaambia ukweli kuhusu kifuniko. Nikawaambia pia kwamba Jeri Okeyo alikosea nyaya. Niliwaambia wao na nikaambia kila gereji kati ya Migori na Homa Bay, kwa miaka, mpaka hakuna aliyempa Jeri hata balbu ya kubadilisha. Uso wangu ulikuwa ushahidi wa kutosha. Hakuna aliyeniuliza swali la ziada.

Baada ya Ochola kufukiwa, walitupa chakula chini ya hema. Nilikuwa nimechukua sahani yangu ya ugali na mbuta, nimekaa pembeni, mzee mmoja mwembamba akaja akakaa kiti cha jirani. Nilimtambua kwa jinsi alivyochomekea shati. Nilisikia zamani kwamba aliacha stima, akahamia Mfangano kuuza nyavu. Alinawa, akamega ugali wangu bila kuuliza, kama watu waliokula pamoja siku tatu wanavyoweza kufanya.

"Omera Opiyo," akasema, akiniita ndugu kwa lugha yetu. "Sikuja kugombana. Nina swali moja."

Nikamwambia aulize.

"Siku ile niliuliza kama feni inapiga. Ukasema inapiga."

"Nilisema."

"Ilikuwa inapiga wapi?"

Alikuwa ananitazama upande ule wa uso ambao watu hawautazami. Feni ya jeneza ilikuwa bado inageuza shingo, sasa inapepea viti vitupu, ikaanza kurudi kwetu. Ningeweza kumwambia nimesahau. Mtu wa umri wangu anaruhusiwa. Ningeweza kumwambia yeye ndiye fundi. Badala yake nikaona leso ya Mama Akoth, ile ya manjano, inaruka kinyume na siku zote, na nikajiona nimesimama pale, macho nimefunga, najua. Si kwa kichwa. Lakini ngozi yangu ilijua, kwa sababu mwaka mzima lori lile lilikuwa halijawahi kunipepea.

Nikaweka kiganja kwenye shavu langu bovu. "Hapa," nikasema. "Ilikuwa inanipiga hapa."

Jeri alitafuna polepole, akameza.

"Kumbe tulikuwa wawili," akasema.

"Watatu," nikamjibu, nikaonyesha kaburi kwa kidevu.

Akageuka akatazama udongo ule mbichi. Kisha akasogeza sahani ikae katikati yetu, tukaendelea kula.